Mpakani tunapima lita, hatuulizi ni mafuta gani

Mama mmoja kijana kutoka milimani alifika dukani kwangu, hapa Buyenzi mjini Bujumbura, akiwa na mtoto mgongoni. Zahanati ilikuwa imemwambia amwongezee mtoto mafuta kidogo kwenye uji. Akasimama mbele ya madumu, akanyoosha kidole upande huu na upande ule. “Mama, haya mekundu na haya meupe, ya mtoto ni yapi?” Nikamwambia, “Chukua meupe, mwanangu. Ni ya kiwandani, ni masafi.” Akalipa, akaenda zake.

Sikukusudia kumdanganya. Nilimpa jibu nililokuwa nalo, na jibu hilo lilitokana na stoo yangu: wiki ile mafuta meupe yalikuwa yamejaa, mawese yalikuwa haba. Nimeuza mafuta miaka kumi na minane. Najua bei ya dumu la lita 20 asubuhi na jioni, najua dereva gani humwaga njiani na msimu gani barabara ya Rumonge inakuwa na shida. Lakini swali la yule mama lilinikuta sina kitu kichwani.

Mpakani nako ni hivyo hivyo. Iwe Kobero tunapoingiza kutoka Tanzania, iwe Gatumba tunapotoka Uvira, dumu la mafuta huulizwa mambo matatu: limetoka wapi, ni lita ngapi, limelipiwa au halijalipiwa. Kisha linavuka. Sijawahi kumsikia afisa wala mfanyabiashara mwenzangu akiuliza kama ndani mna mafuta ya namna gani, na yatamfanyia nini atakayeyala.

Naandika kwa wenzangu wa Busia, Namanga, Mutukula, Kabanga, Manyovu na Uvira kwa sababu naamini swali hilo ni letu kabla halijawa la daktari. Daktari humwona mtu akishaugua. Sisi tunamwona kila wiki akiwa na chupa yake mkononi, na tunachomwekea kwenye chupa ile ndicho kitakachoingia kwenye sufuria yake. Biashara ya mafuta ni biashara ya afya, tupende tusipende.

Tuanze na jambo ambalo mijini linasahaulika: mwili hauwezi kuishi bila mafuta. Siku hizi kila ukikaa kwenye teksi utasikia mtu akisema ameacha mafuta kabisa, kama vile ameacha pombe. Huyo anakosea. Gramu moja ya mafuta humpa mtu kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au ya protini humpa kalori 4. Kwa mtoto mdogo hesabu hii ni kubwa. Tumbo lake ni dogo. Ukimpa uji mwepesi atashiba kabla hajapata nguvu ya kumtosha. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinaongeza kalori 40 hivi kwenye kikombe kilekile. Hata maziwa ya mama, karibu nusu ya nguvu iliyomo inatokana na mafuta.

Kuna kazi nyingine. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, haziyeyuki kwenye maji. Mtu akichemsha mchicha au matembele kwa maji na chumvi tu, mwili unashindwa kuchukua sehemu kubwa ya uzuri uliomo. Akiweka kijiko cha mafuta au karanga za kutwanga, mboga ileile inakuwa na faida zaidi. Tena yapo mafuta ambayo mwili wenyewe hauwezi kuyatengeneza, yale yanayoitwa omega-3 na omega-6. Lazima yaingie kwa mdomo, na ubongo na macho ya mtoto huyahitaji ili yakue sawasawa.

Hapa kwetu Burundi, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016 na 2017 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi: maji machafu, maradhi ya kuhara, uzazi wa karibu karibu, umaskini. Sisemi kwamba dumu langu la mafuta lingewaponya. Nasema kwamba katika nyumba inayokula maharage, muhogo na viazi vitamu siku nenda siku rudi, mafuta ndiyo hukosekana mara nyingi, na akinunua kidogo alichoweza, mama wa nyumba hiyo ana haki ya kupata mafuta yenye kitu ndani yake.

Sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe. Mfanyabiashara wa mpakani hana shida ya kukosa mafuta. Asubuhi ni chai na mandazi, saa nne sambusa, mchana chipsi na nyama ya kukaanga, jioni ndizi zilizotumbukizwa kwenye mafuta. Kutwa nzima tumekaa, ama kwenye lori, ama kwenye gunia, tukingoja karatasi. Wangapi kati yetu tumepimwa presha tukaambiwa imepanda? Wangapi tumezika mwenzetu aliyeanguka kwa kiharusi hana hata miaka hamsini? Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa mtu mzima mafuta yasizidi asilimia 30 ya nguvu yote anayopata kwenye chakula. Kwa anayekula kalori 2,000 kwa siku, hizo ni gramu 67 hivi, ukijumlisha ya kwenye nyama, maziwa, karanga na kila kitu. Kijiko kimoja cha kulia cha mafuta ni gramu 14. Piga hesabu kama unavyopiga ya dukani: nyumba ya watu wazima sita inayomaliza lita moja kwa siku mbili, kila mmoja amekula gramu 75 kwa siku kwenye sufuria peke yake, kabla hujahesabu sambusa ya njiani.

Kwa hiyo dumu lilelile ni msaada katika nyumba moja na mzigo katika nyumba nyingine. Ndiyo maana sipendi maneno ya kusema mafuta ni mazuri au mafuta ni mabaya. Inategemea ni mafuta gani, kiasi gani, na yanakwenda kwa nani.

Kuhusu aina, nitasema kwa lugha ya dukani. Kuna mafuta mazito, ambayo huganda yakipata ubaridi: siagi, samli, mafuta ya ng'ombe, ya nazi, ya mawese. Hayo yakizidi kwa mtu mzima hupandisha lehemu katika damu, ile tunayoiita kolesteroli, na mishipa ya moyo huanza kuziba. Ushauri ni kwamba yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku nzima. Kuna mafuta mepesi, ambayo hubaki maji hata asubuhi ya baridi: alizeti, ufuta, karanga, soya. Mtu anayepunguza yale mazito na kuweka haya mahali pake anausaidia moyo wake. Parachichi linalovuka Namanga kwa malori limejaa mafuta ya jamii hiyo njema, na karanga pia. Halafu kuna mafuta ya samaki. Huyo tunayemwita mukeke hapa Bujumbura ndiye mgebuka wa Kigoma, ziwa ni moja na samaki ni mmoja. Dagaa ana majina zaidi: ndagala kwetu, omena Kenya, mukene Uganda. Samaki hawa wadogo wanaodharauliwa wana protini, wana madini ya chokaa kwa sababu huliwa na mifupa, na wana zile omega-3 ambazo mtoto anazihitaji. Anayebeba gunia la dagaa kuvuka mpaka amebeba chakula cha maana kuliko katoni ya biskuti.

Nirudi kwenye mekundu na meupe, maana ndipo mama yule aliponishika.

Mchikichi ni mti wa Afrika. Asili yake ni huku kwetu, Afrika Magharibi na ya Kati. Mwaka 1848 miche minne tu ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na kutoka miche ile ilianza safari iliyoifanya Indonesia na Malaysia kuwa wauzaji wakubwa wa mafuta ya mawese duniani. Leo sehemu kubwa ya mafuta meupe tunayouziana kwenye mipaka hii yalikuja kwa meli kutoka huko, yakasafishwa Mombasa, Dar es Salaam au kwingineko, yakatiwa kwenye madumu, yakaja kwetu. Waganda huyaita buto, sisi tunasema mafuta ya kiwandani, na wengi hawajui kwamba mara nyingi ni mawese yaleyale yaliyoondolewa rangi na harufu.

Rangi ile nyekundu haikuwa uchafu. Ndiyo karotini, ile iliyomo kwenye karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mawese yaliyokamuliwa Rumonge, Kigoma au Fizi huwa na miligramu 500 hadi 700 za jamii ya karotini katika kila kilo. Ni vigumu kupata chakula kingine cha kawaida kilichojaliwa kiasi hicho. Kijiko kimoja cha chai kwa siku kinaweza kumpa mtoto sehemu kubwa ya vitamini A anayohitaji ili aone vizuri jioni na apambane na surua na kuhara. Kiwandani, moto mkali wa kusafishia huondoa karotini yote. Ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania zimetunga sheria za kutaka mafuta ya kula yaongezewe vitamini A kiwandani.

Kwa hiyo nilipomwambia yule mama achukue meupe kwa sababu ni masafi, nilimwambia nusu ya jambo. Mawese mazuri yangemfaa mtoto wake vizuri sana. Hata meupe yangemfaa, kama vitamini iliyoongezwa kiwandani ilikuwa bado imo.

Hapo ndipo penye aibu yangu kubwa zaidi. Miaka yote hii nimekuwa nikipanga madumu na chupa nje ya duka, juani, kama bango la biashara. Jua likipiga kwenye chupa nyeupe, mafuta yanang'aa kama dhahabu na mteja anayaona kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanga na joto huiua vitamini A, na kwamba hewa nayo inaichakaza. Kiwanda kimetoa fedha kuiweka, serikali imetunga sheria, ukaguzi umepita, halafu mimi naianika kwenye jua la Bujumbura mpaka imekwisha. Mteja analipia lita, anapata lita, lakini kile alichotumwa na zahanati hakimo tena. Tembeeni Busia, tembeeni Kabanga, muone ni maduka mangapi yanafanya kama nilivyofanya. Kuyaingiza mafuta kivulini hakugharimu hata faranga moja. Kutumia dumu lisilopitisha mwanga na kufunga kifuniko kila ukimaliza kupima hakugharimu kitu.

Mawese nayo yana makosa yake, na mengi yanatoka kwetu wachuuzi. Vichikichi vikikaa siku nyingi chini kabla ya kukamuliwa, mafuta yanatoka makali, yanakwaruza koo. Mengine huuzwa na maji ndani yakachacha. Wapo wapishi wanaoyachoma sufuriani mpaka yapoteze wekundu, eti kuondoa harufu. Wameondoa karotini pamoja na harufu. Na kuna uovu wa makusudi: nchini Ghana mamlaka za chakula zimewahi kukamata mawese yaliyotiwa Sudan IV, rangi ya viwandani isiyotakiwa kabisa katika chakula, ili yaonekane mekundu zaidi. Mfanyabiashara wa mafuta akisikia habari ya namna hiyo asiseme Ghana ni mbali. Tamaa haina pasipoti.

Na tusiyapambe mawese kupita kiasi. Karibu nusu yake ni mafuta mazito. Kijiko cha kulia kina gramu 7 hivi za mafuta hayo, wakati kiwango cha mtu mzima wa kalori 2,000 kwa siku ni gramu 22. Mtoto wa milimani anayehitaji nguvu na vitamini ni mmoja. Mimi mwenye presha, ninayekaa kwenye kiti kutwa, ni mwingine. Wazee wetu walikula mawese wakaishi, ni kweli, lakini walilima mpaka jua linazama na sombe yao haikuwa ikielea kwenye mafuta. Mafuta ya mise, yanayotoka kwenye kokwa la ndani, ni mazito zaidi ya mawese. Hayo waachieni watengeneza sabuni.

Sasa nije kwenye mafuta ambayo hayana nyumba yoyote yanakofaa. Mafuta mepesi ya mimea yakichanganywa na haidrojeni kiwandani kwa namna ya nusu nusu, huganda, hukaa muda mrefu dukani bila kuharibika, na hufaa kuokea. Mfanyabiashara huyapenda. Lakini njiani hugeuka kuwa kitu kinachoitwa mafuta ya transi, na hayo hupandisha lehemu mbaya na wakati huohuo hushusha ile nzuri. Mwili hauyahitaji kwa lolote. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula kufikia 2023. Denmark ilianza mwaka 2003, na Afrika Kusini ilitunga sheria yake mwaka 2011: mafuta ya transi yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta.

Nielewwe vizuri. Si kila mafuta yaliyoganda yana transi. Mawese huganda yenyewe bila kutiwa kitu. Kwa macho huwezi kutofautisha, na hata mimi siwezi. Njia pekee ni maandishi ya kwenye kopo, na hapo ndipo tunapokwama: maandishi ni madogo kama miguu ya sisimizi, tena mara nyingi kwa lugha ambayo mnunuzi wa sokoni hasomi. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Lugha rasmi ambayo haijafika kwenye kopo la mafuta bado imekaa ofisini.

Lipo jambo la mwisho la vikaangoni. Mafuta yaliyokaangia chipsi leo, kesho, keshokutwa na mtondo, yakawa meusi, yakatoa povu na moshi kabla hayajapata moto sawasawa, hayo yamekwisha. Joto la mara kwa mara limeyavunja vunja na kuyageuza kuwa kitu kinachokera tumbo na kuumiza mishipa. Sote tunajua kwamba mafuta hayo hayamwagwi. Huuzwa kwa bei ya chini kwa mama wa mandazi wa kichochoro cha nyuma, naye hana mtu wa kumuuzia ila watoto wa shule. Niliwahi kuwa dalali wa mafuta ya namna hiyo, kati ya mwenye mgahawa na akina mama hao, kwa miezi kadhaa. Nimeacha. Watengeneza sabuni wanayanunua, tena bila kubembelezwa.

Najua mtakachosema, kwa sababu ndicho nilichokisema mimi. Mtasema: sisi si madaktari, mteja anataka bei. Ni kweli mteja anataka bei. Lakini mteja huyohuyo akinunua saruji mbovu kwako, nyumba ikapasuka, hatarudi. Moyo ukipasuka naye hatarudi, tena safari hii ni kwa sababu hayupo. Mtasema pia kwamba mafuta mazuri ni ghali. Baadhi ni ghali, sikatai. Alizeti safi ya Singida haiwezi kushindana kwa bei na mafuta yaliyokuja kwa meli nzima. Lakini mengi niliyoyataja hapa hayaongezi bei. Kivuli hakina bei. Kifuniko hakina bei. Kumwambia mteja mwenye presha apunguze kipimo na apikie kijiko badala ya kumimina hakuna bei, ingawa najua kunauma, maana atanunua kidogo. Atanunua kidogo kwa miaka mingi zaidi.

Na kuna upande wa biashara ambao hatuutazami. Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia ilifunga kuuza nje mafuta ya mawese mpaka tarehe 23 Mei. Vita ya Ukraine, nchi inayouza alizeti kwa wingi, ilikuwa na miezi miwili. Mnakumbuka bei ilivyopaa, na jinsi tulivyokaa na madumu matupu tukiwatazama wateja. Wakati huohuo michikichi ya Rumonge na ya Kigoma ilikuwa imesimama palepale. Tanzania ilizindua kazi ya kufufua zao hilo Kigoma mwaka 2018, na Uganda ina mashamba makubwa katika visiwa vya Kalangala. Eneo letu linaweza kujilisha mafuta kwa sehemu kubwa kuliko sasa, kama mwenye madumu matano ya mawese hatahesabiwa kuwa mtu wa magendo kila akikaribia geti.

Hapo nina ombi kwa serikali na kwa Jumuiya. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa ya Afrika Mashariki isiyozidi thamani ya dola 2,000 anaruhusiwa kutumia cheti rahisi cha uasili, alimradi bidhaa yake imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Utaratibu huo ni mzuri, na utumike kweli kwa mawese, alizeti na ufuta wa wakulima wadogo. Pamoja na cheti, wekeni kwenye vituo vya huduma za pamoja kipimo chepesi cha ubora, kwa gharama ambayo mama wa madumu matano anaiweza, ili anayeleta mafuta mazuri apite kifua mbele na anayeleta machafu arudi nayo. Wekeni kikomo kimoja cha mafuta ya transi kwa nchi zote za Jumuiya, maana nchi moja ikikaza na jirani akalegeza, sisi ndio tutakaoyavusha usiku, tunajijua. Na kopo la mafuta liseme kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, limetokana na mmea gani na lina nini ndani.

Sisi wenyewe tusingoje. Vyama vyetu vya wafanyabiashara wa mpakani vinakutana kuzungumzia kodi, mabanda na usalama. Mkutano mmoja kwa mwaka aitwe mtaalamu wa lishe wa wilaya au wa komini azungumze na wauza vyakula, naye alete kipimo cha presha. Nina hakika siku hiyo wengi hatutauliza habari za wateja tu.

Madumu yangu sasa yako ndani, nyuma ya mlango. Bango la nje ni ubao wenye maandishi ya chaki, na mauzo hayajapungua. Yule mama wa milimani sijamwona tena. Angerudi, ningemwambia hivi: Mwanangu, chukua haya mekundu, robo lita tu, yamekamuliwa wiki hii. Yaweke gizani. Uji ukishaiva, mtilie mtoto kijiko kimoja cha chai, usiyachome. Ukiweza, mtwangie na ndagala wakavu uchanganye humo. Na ukikosa mekundu, haya meupe nayo yatamfaa, siku hizi hayakai juani.